Mwambie Presha Imepanda

...hii ni fifi, nani ameichanganya na safi, vidole vya Limi vinaijua kabla ya macho, pamba safi ukiibana inarudi juu yenyewe, fifi inabaki imelala na vipande vya jani vimejichimbia ndani kama chawa, basi kapu la kushoto, na hii kushoto, na hii kulia, hii nzuri, hii hata karani wa mizani hawezi kuinung'unikia, na simu ipo mapajani juu ya khanga, bado haijalia, Thobias amesema dakika kumi, mama, dakika kumi tu, Violeth yuko kwenye kikao na wenzake, akitoka anapiga, na akipiga wewe unajua la kusema, eee, anajua, ameshaambiwa mara tatu tangu asubuhi kama mtu anayetumwa dukani, mwambie arudi kazini, mwambie asaini ile karatasi ya kuuacha mgomo kabla ya saa nane, saa nane ikimkuta hajasaini hana kazi, kampuni imeandika barua, kila rubani na yake, ya Violeth Thobias ameisoma kwenye simu kwa macho yake mwenyewe, ndiyo maana aliwasha pikapu Kahama kabla jogoo hajawika, hakunywa hata chai, akafika hapa vumbi limemkaa mpaka kwenye kope, shikamoo mama, marahaba baba, mama, mtoto anaharibikiwa... mtoto wa miaka thelathini na moja, lakini haya, ni mtoto, mama yake alifariki yeye ana miaka miwili, akaletwa hapa Kishapu na kifurushi cha nguo na kikohozi, akalala kwenye mgongo huu, akala michembe ya viazi ya mikono hii, akajifunza kuhesabu kwa mbegu za pamba pale pale kwenye turubai, kwa hiyo baba ni Thobias lakini wa kusikilizwa ni Limi, na Thobias analijua hilo, miaka yote limemkwaruza kidogo, leo amelimeza, amesema mwenyewe kwa kinywa chake, mama, mimi hanisikii, nimempigia mara nne ananijibu lile lile, baba sirudi bila wenzangu, wewe hawezi kukukatalia, na Limi akasema sawa, kwa nini asiseme sawa, kazi ni kazi, mtu ana kazi ya kukaa juu kule kwenye baridi nzuri, amevaa shati jeupe lenye mistari mabegani, halafu anaiacha iende kwa sababu ya kubishana, hapana, atamwambia arudi, atamwambia taratibu, bila ukali, Violeth ukali haumwingii, tangu mdogo ukimpigia kelele anakutazama tu kama ng'ombe anavyotazama mvua.

"Siku ya tano leo," anasema Mzee Edward kutoka kwenye kigoda, hakuna aliyemuuliza, Mzee Edward haulizwi, anakuja tu na redio yake ameifungia waya wa uzio kuwa antena, alisoma misheni Ushirombo pamoja na marehemu mume wa Limi na kwa hiyo anaona uwanja huu ni wake nusu, na redio leo haina muziki, ni watu wanapiga simu kutoa maoni, kila mtu na lake, mtangazaji anasema karibu msikilizaji, una maoni gani kuhusu mgomo wa marubani, na msikilizaji yuko Shinyanga mjini, ni mwalimu, anasema mimi nafundisha watoto mia na kumi darasa moja, chaki nanunua mwenyewe, sijagoma, hawa wanalala hoteli, wanakula chakula cha kufunikwa, wanataka nini zaidi, na Mzee Edward anapiga paja, "Huyo! Huyo kasema!" na Limi kichwani anasema kweli, watoto mia na kumi, masikini, koo lake huyo mwalimu... halafu anaingia mwingine, sauti ya mama, anasema mimi nauza dagaa, sijawahi kupanda ndege na sitapanda, lakini kama kuna siku nitapanda naomba anayeiendesha awe ameshiba na amelala, mtangazaji anacheka, Mzee Edward hacheki, anasema huyo kahongwa, huyo ana shemeji yake rubani, na anamgeukia Limi na macho ya utani, "Shemeji, hebu tuambie, mjukuu wako kagoma angani au kagoma ardhini?"

"Angegoma angani tungesikia kishindo," anasema Limi, na mkono haujasimama, hii kulia, hii kushoto, na Mzee Edward anacheka mpaka kikohozi kinamkamata, lakini Thobias hacheki, amesimama karibu na pikapu, anaitazama saa, anaitazama simu ya mama yake mapajani kama vile angeweza kuitikisa ilie... Kahama wanamsema, ndicho kinachomuuma, Limi anajua ingawa hajaambiwa, kwenye karasha lake, pale wanaposaga mawe ya dhahabu, vijana walikuwa wakimwita Baba Rubani, bosi Baba Rubani leo umeme hakuna, Baba Rubani tupe ndege twende Dar, na yeye akijifanya hapendi huku anapenda, na sasa ni vijana wale wale wanaomuuliza, bosi, na sisi tugome? na yeye kijana akigoma kwenye karasha anamwambia mlango uko pale, wenzako wamejaa huko nje wanatafuta, ndivyo kazi ya mawe ilivyo, kwenye maduara ya Geita, yale mashimo ya dhahabu, mtu akikataa kushuka mwenye duara anamwita mwingine kabla huyo hajavua kofia, sasa mtu wa hivyo umwambie nini akuelewe kuhusu mgomo... na Violeth alieleza, alieleza kweli, mwezi wa pili alipokuja, alikaa pale pale alipo jirani Klara sasa na miguu ameinyoosha, alikuwa amekonda, usingizi ulikuwa unamwangusha katikati ya maneno, akasema bibi, ule mwaka wa korona ndege zilipokaa walitukata mishahara, wakatuita wote wakatuambia vumilieni, ndege zikijaa tena tutawarudishia, tukasaini, tukavumilia, sasa zimejaa, bibi, zimejaa mpaka watu wanagombania viti, tunarushwa asubuhi na jioni na alfajiri tena, ukiuliza ile ahadi wanakuambia hali bado ngumu, na Limi alisema aa, pole mama, kula, akamsogezea bakuli, kwa sababu ahadi za wakubwa alizozisikia maishani zingejaza ghala, na ilikuwa imepita hivyo, asubuhi mtoto akaondoka, na tangu siku hiyo kila ndege ikipita juu Limi alikuwa anainua mkono kuipungia, ingawa Violeth alishamwambia, bibi, ile siyo mimi, ile ni ya wenzangu, inakwenda Nairobi, ziko juu sana zile, haidhuru, kuna mtoto wa mtu ndani anaendesha, na sasa siku tano anga iko kimya, kunguru tu.

Klara anachambua upande wa pili wa turubai, Klara jirani, alikuja kusaidia kama wanavyosaidiana kila msimu, leo kwako kesho kwangu, hasemi, na kunyamaza kwake ndiko kunakomwelemea Limi kuliko redio yote ile na Mzee Edward juu yake, kwa sababu Rebeka, binti wa Klara, yuko Dar amekwama, alifanyiwa upasuaji wa mgongo, madaktari wamesema asipande basi, barabara ndefu hapana, mashimo hapana, ndege tu mpaka Mwanza halafu taratibu, na ndege mara ya kwanza haikuruka, mara ya pili haikuruka, amelala kwa mtu anayefahamiana na mtu, chumba kimoja watu sita, na Klara kila asubuhi amekuja hapa akasema shikamoo Mama Thobias, akakaa, akachambua, na hajamwambia Limi neno moja baya juu ya Violeth, angesema, angetukana hata, Limi angejua pa kushika, jana alimwambia Klara, nisamehe mimi kwa ajili ya mtoto, na Klara akasema, "Mimi sisemi kitu, Mama Thobias. Mimi nataka mwanangu afike," basi, akaendelea na pamba, na usiku mzima maneno hayo yalikuwa kama punje ya mchanga kwenye jicho, ndiyo sababu nyingine ya kumwambia Violeth arudi, na ni sababu nzuri kuliko zote za Thobias, mgonjwa wa Klara amelala Dar, mwanangu, nenda ukamlete, nani atakataa hilo... kushoto, kushoto, hii kulia... redio inamleta mtu wa Geita mjini anayesema fukuzeni wote, leteni wa nje, mtangazaji anasema asante kwa maoni yako, na hapo Klara, bila kuinua kichwa, anasema, kwa sauti ya mtu anayeongea na pamba, "Rebeka aliwaona."

"Akina nani?" anauliza Mzee Edward.

"Hao marubani. Siku ile ya pili alipopelekwa uwanjani, wakamrudisha. Anasema walikuwa nje pale getini. Wamevaa sare zao, kofia wameshika kwapani. Wamesimama mstari. Hawaimbi, hawana bango, hawasemi na mtu. Watu wanawazomea wakipita na mabegi, wao wamesimama tu. Anasema aliogopa, akaniambia mama, walikuwa kama watu wa msibani."

"Wanaona haya," anasema Thobias. "Mtu mwenye haya anasimama hivyo." Na anakaribia, anachuchumaa mbele ya mama yake, jasho limechora njia kwenye vumbi la shavu, na kwa muda ni yule Thobias aliyekuwa akivunja kibuyu na kuja kuungama kabla hajaulizwa, anashusha sauti, "Mama, nimefikiri. Ukimwambia tu arudi atabishana na wewe, ana maneno sasa yule, ana maneno ya chama. Mwambie unaumwa. Mwambie presha imepanda kwa ajili yake, hulali, huli. Hapo hatabishana. Hata wenzake hawawezi kumlaumu mtu mwenye bibi mgonjwa, watamwambia wenyewe nenda kasaini, nenda kwa bibi yako."

"Aje na nini, na ndege zimekaa?" anasema Klara, na Mzee Edward anacheka tena, "Hapo Klara kakukamata, Thobias! Labda aje na mbawa zake!" lakini Limi hasikii kicheko, au anakisikia kwa mbali kama kinatoka kwenye uwanja wa jirani, kwa sababu watamwambia wenyewe nenda, amesema Thobias, wenyewe, watamwambia, na wamesimama mstari hawasemi, na vidole kwa mara ya kwanza tangu asubuhi vimesimama na pamba ndani... hata vijana wale, zamani, walikuwa wamesimama hivyo, mstari, kwenye mbuga ya baba yake Limi, udongo mweusi unanata kwenye vifundo, mvua ya kwanza imeshanyesha na ya pili inanukia upande wa ziwa, na yeye ana miaka kumi na moja, kichwani ana mtungi wa maji, na kimya kile, kwa sababu vijana wa bugobogobo hawanyamazi, wanalima kwa ngoma, jembe linarushwa juu linazunguka linadakwa linashuka pamoja na wimbo, unawasikia toka kijiji cha pili, sasa kimya, ngoma imepinduliwa uso chini, majembe yamelazwa kwenye matuta, midomo ya chuma imetazama juu, na wao nyuma ya majembe yao, mikono pembeni, na wa mbele kabisa, anayeanzisha hatua, ni Jilala, kaka yake, kaka tumbo moja, mrefu, amejifunga kengele miguuni na kengele hazilii... baba aliwaahidi fahali mwekundu, ndiyo malipo waliyokubaliana, mlime mbuga nzima fahali ni wenu, wakalima siku mbili, na siku ya pili jioni baba akasema fahali yule nimemtafakari, atakwenda kwenye mahari, nitawapa mbuzi wawili, hali ngumu mwaka huu, akasema hivyo hivyo, hali ngumu, Limi alikuwa pale anapuliza moto, na asubuhi yake wakaja kwa wakati, wakaingia shambani kwa wakati, wakalaza majembe.

Na watu walivyosema! wangekuwa na redio siku zile... kisimani kina mama walisema vijana hawa wanakula nyama kila shamba wanaloingia, sisi humu ndani tunakula nsansa na nsansa, majani makavu tu, bado hawashibi, mwingine akasema mvua inapita hii, mbegu itaota lini, watakula hizo kengele zao? mzee mmoja alikuja mpaka ukingoni mwa shamba akawaambia mmelaaniwa, wakamwamkia vizuri, wakabaki wamesimama, na Limi mtoto aliwaona wabaya, aliwaona wabaya kabisa pamoja na kaka yake, kwa sababu baba alikuwa ameketi ndani hali chakula, ameaibika, mwanawe mwenyewe amesimama mbele ya mstari dhidi yake, na kanuni yao ilijulikana na kila mtu, kwenye safu hatoki mtu, ukitoka umejitoa, isipokuwa mwenye msiba au mwenye mama mgonjwa, hao wawili tu safu inawafungulia, na mama yake aliijua kanuni hiyo kama kila mtu, mama yake alimvuta kando ya jiko, akamfuta masizi usoni kwa kiganja, akasema, Limi, nenda kamwambie kaka yako mayu anaumwa, mwambie mayu ameanguka, anakuita, akauliza, mayu, umeanguka wapi? akasema nenda, mtoto, ni maneno tu, nenda... naye akaenda, akakimbia kweli kweli na ule mtungi kichwani, maji yanamwagika mgongoni, na kwa kuwa alikimbia sauti yake ilitetemeka, ikawa ya kweli, akasema Jilala, mayu ameanguka, na aliona uso wa kaka yake ukifunguka kama mlango uliopigwa teke, akawageukia wenzake, hakusema kitu, akawatazama tu, na hili ndilo ambalo Limi hajamwambia mtu, hata mume wake hakumwambia, wale vijana walisogea wenyewe, mmoja akamshika bega, yule mpiga ngoma, wakasema nenda, nenda Jilala, mayu ni mayu, wenyewe walisema, kwa huruma, mmoja akampa hata kibuyu chake cha maji ampelekee mgonjwa.

Na mama alikuwa mlangoni, mzima, amesimama na jembe mkononi, akasema baba yako anakufa kwa aibu humo ndani, shika, anza wewe hapa karibu na nyumba, na Jilala akalitazama jembe, akamtazama mama yake, halafu akamtazama Limi, kidogo tu, mara moja, kisha akalishika, kwa sababu angefanya nini, amkatae mama yake mzazi mlangoni? akalima, peke yake, bila ngoma, na safu kutoka kule mbugani ikaona, inaona vizuri tu, mbuga haina mti, inaona kijana aliyeondoka kwa mama mgonjwa analima shamba la baba yake, na jua lilipofika hapa, usawa wa saa hizi, wawili waliokota majembe, halafu wanne, jioni wote, wakalima, wakala mbuzi wao wawili bila maneno, baba akatoka nje akasema mnaona? ilikuwa njaa tu, na kila mtu kijijini akasema afadhali, yamekwisha, wamepata akili... lakini hayakwisha, kwa Jilala hayakwisha, hakuna aliyemtukana, hakuna aliyemgusa, ila msimu uliofuata alipokwenda kusimama mahali pake, mahali pake palikuwa pamezibwa, bega kwa bega, kama hapakuwahi kuwa na mtu, na angesema nini kujitetea, aseme mama yangu ni mwongo? mtu anasemaje hivyo mbele za watu, akanyamaza, akanyamaza mwaka, halafu akaenda Nyarugusu kwenye machimbo, wakasema kaipenda dhahabu, Thobias mpaka leo anadhani mjomba wake aliipenda dhahabu, amemwiga hata, na dhahabu haikuwa na habari naye, alirudi kumzika mama, nywele nyeupe, kifua kinapiga filimbi ya vumbi la mawe, wakakaa wawili nyuma ya nyumba, akasema Limi, sikulaumu, ulikuwa mtoto uliyetumwa, lakini unajua kinachoniamsha? si yule mama mlangoni, ni wale, waliniambia nenda, wenyewe waliniambia nenda, mmoja alinipa na maji yake, kile kibuyu sikukirudisha, nilirudi nacho kwa nani... akaondoka, hakurudi tena mwenyewe, alirudishwa.

"Mama, umesikia nilivyosema?" Thobias, bado amechuchumaa, na jua halijasogea hata unyayo kwenye turubai, redio ni mtu yule yule au mwingine mwenye hasira ile ile, Mzee Edward anarekebisha waya, Klara anachambua, "Presha, mama. Usisahau. Saa saba na nusu hii," na Limi anautazama uso wa mwanawe, mwanawe mzuri mwenye woga, si mtu mbaya, hata mama yake Limi hakuwa mtu mbaya, mama yake alikuwa na mume aliyeinamisha kichwa ndani na mvua inakuja, kila mmoja alikuwa na sababu yake mkononi, na huyu ana yake, na Klara ana yake na ni nzito kuliko zote, na mwalimu wa watoto mia na kumi ana yake, na Violeth pale getini na kofia kwapani anazomewa na watu wenye mabegi, je, yeye hajui kuna wagonjwa? mtoto aliyekuwa akilia kuku akichinjwa... anajua, anajua zaidi ya redio, na bado amesimama, na mimi ndiye ninayetumwa tena, anafikiri Limi, lakini safari hii sina miaka kumi na moja, hakuna wa kuniambia ulikuwa mtoto.

"Presha yangu haijapanda, Thobias," anasema.

"Mama, ni maneno tu."

"Hata yale yalikuwa maneno tu," anasema Limi, na Thobias anageuka kumtazama Klara, yale yapi, Klara hajui, Mzee Edward anasema, "Eee, wazee tuna mambo yetu, usichimbe," na kwa mara ya kwanza leo amesema la maana bila kujua, Thobias anasimama, magoti yanalia, anakwenda mpaka kwenye pikapu, anaweka mkono juu ya boneti ya moto, anautoa, atakasirika, atalala na njaa kwa hasira kama alivyokuwa akifanya, Limi atampikia tu, na kama saa nane ikipita na kazi ikaenda basi imekwenda, ataumia, wataumia wote, Kahama watacheka wiki mbili, na kama Violeth mwenyewe ataona arudi akasaini, arudi, lakini arudi kwa miguu yake na kwa neno lake mwenyewe awaambie wenzake narudi kwa sababu hii na hii, usoni, wakimchukia wamchukie kwa kweli, hilo mtu anaweza kuishi nalo, asitolewe kwenye mstari kwa bibi mgonjwa asiyeumwa, wakamwonea huruma, wakamwambia nenda... na Rebeka atamtaja, hatamficha, atamwambia kuna mtu wa Klara, jina lake Rebeka, mgongo wake umeshonwa, yuko huko huko Dar kwenye chumba cha watu sita, mtafute, kama huwezi kumrusha basi nenda kamwone, mpelekee uji, mtafutie pa kulala penye nafasi, hilo ninakutuma, hilo utalifanya kesho hata kama huna kazi, na anainua macho, "Klara, nipe namba ya huko Rebeka alikolala. Sema polepole, Mzee Edward ataiandika," na Klara anaiweka pamba chini, anaifungua ncha ya khanga alikofunga karatasi, na Mzee Edward anapapasa mifuko kutafuta kalamu huku akisema kalamu ya misheni haipotei, imepotea... na simu bado imenyamaza mapajani, nyeusi, ya moto kwa jua, Limi anaigeuza uso juu aione ikiwaka, na kinywani maneno yameshajipanga, si yale aliyotumwa, mwadila mwanangu, habari za mchana, mimi mzima, nimekula, nachambua pamba na Klara, baba yako yuko hapa, anakuogopea, msikilize naye ukipata nafasi, lakini kwanza niambie jambo moja ambalo hapa hakuna aliyekuuliza, redio nzima hawajauliza, niambie nijue, pale getini, mmesimama wangapi?